Fungu la Mgeni

Mwezi uliopita mjukuu wangu, aliyekuja kunitembelea hapa kijijini Wema baada ya shule kufungwa, aliniuliza "poacher" ni nani kwa Kiswahili. Nikamjibu, jangili. Akaandika, akaendelea na kazi yake. Mimi nilibaki nimesimama na kuni mkononi, sikumbuki nilikuwa nazipeleka wapi. Neno hilo, rafiki yangu, nililisikia mara ya kwanza nikiwa msichana wa miaka tisa, miaka ile ya hamsini, na ndilo lililomchukua babu yangu.

Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia mpunga. Asubuhi na mapema tunapanda dungu, jukwaa la miti katikati ya konde, tunawarushia ndege madonge ya udongo kwa kumbeo na kupiga makelele mpaka sauti zinakauka, kisha bibi anatuletea ndizi za kuchemsha na samaki mkavu. Sijala tena kitu kitamu kama kile. Lakini mwaka huo ndege hawakuwa shida. Kiboko dume alikuwa akitoka mtoni kula mpunga wetu, hata konde likabaki nusu. Babu alikwenda kwa chifu mara mbili, akaambiwa asubiri. Njaa haisubiri. Siku moja majirani wakashika makasia, babu akashika chusa, mkuki wake wa kamba, na kabla ya adhuhuri yule mnyama alikuwa ameburutwa ukingoni.

Sheria ya serikali ilimkataza babu kumuua. Desturi yetu ilimkataza kumficha. Kwetu kiboko hakuwa wa aliyemchoma, alikuwa wa kijiji. Alichinjwa hadharani, kila nyumba ikaleta kikapu, wajane wakapewa kwanza, na mtu yeyote aliyekutwa kijijini siku hiyo alikuwa na fungu lake. Na aliyekutwa siku hiyo, ole wetu, alikuwa askari wa wanyamapori, mtu wa bara, aliyefikia kwa mwalimu wa shule yetu akingoja mtumbwi wa kumpeleka Kau. Jirani mmoja alinong'ona kwamba huyo arukwe. Bibi akamkatiza.

"Mgeni halishwi harufu."

Akajaza kikapu nyama ya ubavu, akaifunika kwa jani la mgomba, akanikabidhi mimi.

Nilimpelekea kwa mikono miwili, nikapiga goti kama nilivyofunzwa. Nilijivunia, sikufichi. Askari alitabasamu, akaniuliza ni nani shujaa aliyemuua. Nikamtajia babu, maana kwetu hiyo ilikuwa sifa. Akanishukuru vizuri, akatia ile nyama ndani ya mkoba wake wa turubai, akanirudishia kikapu kitupu. Kesho yake babu alifungwa pingu.

Kortini nyama ilikuwa juu ya meza, imeshaanza kunuka. Karani alimtafsiria babu kwamba ni jangili, neno ambalo babu hakuwahi kulisikia. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema moja tu.

"Mwambie bwana anitajie niliyemnyima."

Hakimu aliandika kidogo, akampa miezi tisa. Babu hakuimaliza. Kifua kilimuua jela, na mpaka leo hatujui alizikwa wapi.

Miaka mingi baadaye mwalimu, ambaye tangu siku ile alikuwa haniangalii usoni, alinieleza asili ya lile neno la Kiingereza. Alisema inasemekana lilitoka kwa Wafaransa wa kale, katika neno lao la mfuko. Jangili wa kwao aliingia kwa siri msitu wa bwana mkubwa, akaua sungura, akamtia mfukoni asionekane. Nikamuuliza mwalimu, je, babu yangu alitia nini mfukoni? Mfuko pekee niliouona siku ile haukuwa wa babu.

Bibi hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ila hakutuma tena fungu kwa mtu. Majirani nao wakaacha, nyumba moja baada ya nyingine, na watoto waliozaliwa baadaye hawakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuacha. Siku hizi mtu akichinja hata kuku, hufunga mlango.

Juzi mgeni alipiga hodi hapa kwangu, chungu kikiwa mekoni. Nilikitoa jikoni, nikakisukuma chini ya kitanda, ndipo nikamwambia karibu.