Dobi Aliyeacha Kumkagua Mwanawe

Ijumaa, saa kumi alasiri. Barazani, dobi analamba ncha ya kidole, anagusa kitako cha pasi ya mkaa, inalia chss. Pikipiki inasimama ng'ambo ya barabara. Binti yake wa miaka saba, Kidoti, anashuka na mkoba. Baba mtu hasalimii, wala hasalimiwi.

Dobi anatupia jicho saa ya ukutani, anarudi kwenye kola ya shati. Kidoti anapoingia ndani kubadili sare, ndipo anafungua daftari: "Saa kumi. Ameletwa na baba yake. Anasema amekula. Mkoba upo, sweta halipo."

"Basi," ananiambia mimi mgeni wake niliyeketi kando. "Zamani ningejaza kurasa mbili."

Ndoa ilivunjika miaka mitatu iliyopita, na kesi ya malezi haijaisha. Kila mzazi anataka mtoto alale kwake. Dobi hupiga pasi nguo thelathini kwa siku. Siku ya mahakama hapigi hata moja. Mwezi ujao hakimu ataamua.

Aliyemshauri aweke kumbukumbu ni afisa wa ustawi wa jamii. Alipopelekewa daftari la kwanza, alisoma, akavua miwani.

"Mama, umeandika 'kamleta kwa dharau.' Hiyo dharau uliipima kwa kipimo gani? Andika ulichokiona, sio kilichokuchoma."

Akajifunza. Ujumbe wa simu hafuti, hata ule aliojibu yeye kwa hasira. Lakini picha aliendelea kupiga: kila Ijumaa alimsimamisha Kidoti ukutani, mbele, nyuma, mikono, miguu, ili yeye mama asije akasingiziwa kwamba kamuumiza.

Mpaka siku ya kushona sare mpya. Fundi cherehani, jirani yake wa baraza, alichomoa futi ampime mtoto. Kabla hajaguswa, Kidoti akavua viatu, akakunja mikono ya blauzi, akageuka.

"Hapa hamna kitu. Na huku hamna kitu."

Fundi akacheka. "Makubwa! Nani kakufundisha ukaguzi, afande wangu?"

"Mama. Na kwa baba nako hivyohivyo."

Kicheko kikakatika. Dobi akasahau pasi juu ya shati la mteja, mpaka likaungua mgongoni.

"Mtoto ni amana ya Mungu, dada," ananiambia. "Nilidhani namlinda, kumbe nimemfanya kielelezo cha mahakama."

Akarudi kwa afisa. Jibu lilikuwa fupi: mtoto akiwa na jeraha apelekwe zahanati, daktari aandike. Kama hana, aachwe acheze.

Siku hizi daftari lina hata mema ya baba: Kidoti alipopata homa, alimpeleka hospitali, akakesha naye.

"Shoga, unampa mwenzio panga," fundi anamwambia, uzi mdomoni. "Hakimu akisoma hayo, mtoto huyoo!"

"Ndiyo kweli yenyewe. Nikiificha hiyo, nani ataamini zilizobaki?"

"Haya, mtakatifu. Utalia peke yako."

"Peke yangu wapi, na wewe uko hapo?"

Ana ombi moja kwa hakimu: makabidhiano yawe shuleni. Mmoja ampeleke asubuhi, mwingine amchukue mchana, na picha zikome pande zote mbili. Amemwandikia mzazi mwenzie kuhusu hilo. Hajajibiwa.

Na huyo baba akikataa? namuuliza.

"Nitaandika kwamba amekataa, na tarehe yake." Anapepea mkaa, majivu yanaruka. "Ila kwangu picha zimekoma. Hata nikishindwa kesi, siku atakazokuja, aje kama mtoto anayekuja kwao."