Nani Anagusa Presha ya Hewa

Mimi ni mtu wa kushuku, sijifichi. Sokoni Bwiza naupima mchele kwa macho kabla muuzaji hajaupima kwa kopo lake, na mtu akinisifu najiuliza anataka nini. Kwa hiyo nilipokuta mipangilio ya kompyuta imebadilika, sikujiuliza kama kuna mtu aliyeigusa. Nilijiuliza tu ni nani.

Wakati huo tulikuwa na mradi wa maji wa Buterere: kisima kimoja, pampu moja, tangi, na mabomba ya kugawa maji mitaani. Kabla ya kununua chochote tulikuwa tunajaribu kila kitu ndani ya programu. Unachora bomba, unaweka pampu, unataja kipenyo, urefu na joto la maji, kisha programu inakuambia kama maji yatafika. Ilikuwa kwenye kompyuta moja tu, na tuliitumia watu wawili: mimi injinia, na mwenzangu mchoraji kutoka Uvira, ambaye alikuwa kwenye mkataba wa majaribio. Mkewe na watoto walikuwa wameshavuka mpaka kumfuata. Patron, mkubwa wetu wa kazi, aliniambia wazi kwamba neno langu ndilo litakaloamua kama anabaki.

Kwenye ile mipangilio kulikuwa na kisanduku kimoja nilichokilinda kama mboni ya jicho: presha ya hewa. Programu ikitoka kiwandani inadhani kila mtu anaishi kando ya bahari. Sisi tuna ziwa, lakini tuko juu, hewa yetu ni nyepesi kidogo, na pampu inayovuta maji kisimani inaitegemea hewa hiyo iyasukume maji kuja kwake. Tofauti ni kama mita moja ya kuvuta. Pengine kwingine mita moja si kitu. Buterere hufurika, na tulikuwa tumeipandisha pampu juu ya jukwaa la saruji isizame, kwa hiyo hatukuwa na hata sentimita ya kuchezea. Ukiweka presha ya hapa, pampu ya bei rahisi inakuwa nyekundu kwenye skrini, maana yake itajaa vipovu na chuma chake kitaliwa. Ukiweka ya baharini, inakuwa kijani, safi kabisa.

Asubuhi nilikuwa nahakikisha presha ni yetu. Mchana nikirudi kutoka kula, siku nyingine naikuta sawa, siku nyingine imerudi ya baharini.

Nikaanza kuunganisha mambo. Ile pampu ya bei rahisi iliuzwa na mfanyabiashara mmoja wa Bwiza, na Jumamosi moja nilimwona mwenzangu amesimama mlangoni kwake, wanacheka kama watu waliokua pamoja. Halafu yeye peke yake ndiye hakwenda nyumbani saa sita. Alikula parachichi na mkate uani, na kabla ya saa nane alikuwa ameshaingia ndani kwa ufunguo wake, amewasha umeme na kunifungulia kompyuta. Wema wote huo wa nini? Huyu ameshikishwa kitu, nilijisemea.

Siku moja nikarudi mapema. Nilivua viatu mlangoni ili nisisikike, mtu mzima mimi. Nikamkuta kwenye kiti changu, dirisha la mipangilio, réglage, liko wazi, mshale uko palepale kwenye presha ya hewa. Aliponiona akalifunga haraka.

"Unatafuta nini mu réglage yangu?"

"Apana, mama. Nilikuwa naangalia tu."

"Unaangalia nini?"

"Ni kakitu kadogo, mama. Imeisha."

Uso ulikuwa umemshuka kwa aibu. Nikasema moyoni, aibu hiyo naijua, ni ya mwizi. Jioni ileile nikamwambia patron asimwongezee mkataba kwa sababu simwamini. Hakuniuliza zaidi. Ijumaa mwenzangu akaniaga kwa mkono, akasema, "Asanti kwa vyote, mama," na mimi nikaichunguza hata hiyo asante.

Jumatatu nilikuwa peke yangu. Saa sita nikafanya nilivyofanya kila siku: nikazima swichi kuu ya ofisi. Nilikuwa nimewahi kukuta simu tatu za watu nisiowajua zikichajiwa kwenye kona yetu wakati tumekwenda kula, na mimi sipendi kuchezewa. Kompyuta niliiacha wazi kama kawaida, kwa kuwa ina betri ya akiba, onduleur, na hiyo niliiamini. Nikafunga mlango kwa ufunguo.

Saa nane nikarudi, nikawasha umeme mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kompyuta ilikuwa imezimika. Betri ilikuwa imechoka, haikuweza kungoja mapumziko yote. Nikaiwasha, nikafungua mradi. Mabomba yote yalikuwepo, na pampu ilikuwa kijani. Programu ile huhifadhi mipangilio ukiifunga kwa utaratibu tu; ukiikatia umeme inarudi baharini.

Ofisini hapakuwa na mtu mwingine wa kushukiwa. Nikampigia simu mwenzangu.

"Ile siku ulikuwa unafanya nini mu réglage?"

"Nilikuwa naiweka sawa, mama. Kila mara nikiwasha masini, nakuta presha ni ya bahari. Nikafikiri ni we unasahau. Siku nikiona mapema, naibadirisha mbele ufike. Siku zingine nilichelewa kuona."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? We ni mukubwa. Nilisikia haya."

Nikamwambia nakwenda kwa patron sasa hivi.

"Usiende, mama," akasema. "Atajua ni we ulikosa. Aliniulizaga juu yako, kama hii kazi ungali unaiweza. Nilimuambia hakuna mutu anaijua kama we."

Nilikwenda. Patron alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza, kisha akasema nafasi ya mwenzangu imeshapata mtu mwingine. Yangu nilibaki nayo.