Doa Juu ya Kaunta

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru na wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kumiminika Newala, tajiri mmoja alijenga duka kwa mbele na vyumba vya wageni kwa nyuma. Mimi nilikuwa fundi bomba wa Masasi. Alitaka wageni wake wafungue koki maji yatoke, wakati bomba la mtaani lilikuwa pambo tu. Nikampandishia pipa juu ya dari, nikashusha bomba hadi bafuni. Kulijaza ilikuwa kazi ya mama mmoja mjane, aliyeteka maji bondeni na kupanda nayo mlima, ndoo kichwani, kisha apande ngazi.

Kiangazi hicho doa la kahawia likatokea darini, juu kabisa ya kaunta. Mvua hakuna. Tajiri akaniita upesi.

Doa ni mwongo. Maji hayadondoki pale yanapovujia. Hushika boriti yakatembea, ndiyo maana nilibeba majivu. Nikapanda na tochi, nikayanyunyiza juu ya mbao, nikafuata yalikolowa na kuwa meusi. Yakanipeleka moja kwa moja kwenye kiungo nilichofunga mwenyewe. Siku ile ya kukifunga, katani ya kuzibia iliniishia, nikaviringisha kipande cha mpira wa baiskeli nikasema kitashika tu. Nikapapasa kwa kidole, kikatoka kimelowa. Sikutaka kuona zaidi.

Nilishuka nikijua kuwa nikisema kweli nitakosa kazi ya ghala jipya la korosho Masasi, ambayo tajiri huyohuyo aliniahidi. Mama alikuwa mlangoni. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha nikamgeukia tajiri.

"Bomba halina tatizo. Huyu mama anamwaga akijaza."

"Mie nimwage maji?" mama akasema. "Mtu wa Newala?"

Wateja wawili wakaguna. Kule maji yaliyooshewa mchele huoshewa vyombo, na yaliyooshewa vyombo hunyweshwa mbuzi. Uongo wangu ni mtu wa Masasi tu angeweza kuutunga. Lakini tajiri naye alikuwa wa kuja.

"Halafu siku tatu hizi sikuwepo, baba. Nilikuwa msibani Kitangari."

"Basi ulimwaga kabla hujaenda," tajiri akamjibu, akamfukuza palepale, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, watu husema. Mimi nilimnyonga tu. Nilijua kazi ile ndiyo iliyolisha wajukuu zake, na bado nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Mama alipoondoka nikarudi darini na katani, kuziba aibu yangu. Nilipojipenyeza upande wa pili wa pipa, mkono ukagusa kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa kamba ya ukili chini ya kiungo changu. Limejaa pomoni, linafurika tone kwa tone. Kamba ilikuwa imechakaa kwa kukaa pale. Kumbe kila alipojaza pipa, mama alirudisha humo maji niliyoyavujisha mimi, wala hakunichongea kwa tajiri. Siku tatu za msiba ndizo zilizolishinda kopo.

Nikalifungua taratibu, nikalishika kwa mikono miwili. Mle ndani palikuwa na joto na vumbi, na kuyamwaga maji yale sikuthubutu. Nikayanywa yote.