Uso wa Mama Nafula

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa glavu nyeupe za pamba na onyo. Ilikuwa idara ya filamu ya serikali, katikati ya jiji, chini kabisa ya jengo ambako jua halikufika. Mhariri Mkuu, mzee mwembamba aliyevaa tai hata Jumamosi, aliniambia, "Binti, ukigusa filamu kwa kidole kitupu, alama yako itaonekana na ukumbi mzima. Hakuna aliyekuja kuona kidole chako." Nami nilikuwa nimetoka nyumbani Kinoo na gauni la kanisani, nikidhani ninakwenda kukutana na mastaa. Siku hiyo nilitazama filamu ya ng'ombe wakitumbukizwa kwenye josho mpaka kichwa kikaniuma.

Ninyi mnaokata picha kwa simu mkiwa mmelala kitandani, nisikilizeni kidogo. Wakati wetu kukata kulikuwa kukata kweli. Filamu ilikuwa utepe mrefu. Uliutandaza juu ya meza yenye taa chini yake, ukautia wembe, kisha ukaunganisha vipande kwa gundi. Kwa hivyo ulifikiri kwanza. Mhariri Mkuu alikuwa na desturi moja iliyonitesa. Alizima sauti, akasimamisha picha, akauliza, "Huyu mtu anataka nini?" Nikikosa jibu, kipande kilitoka, hata kiwe kizuri namna gani. Siku moja nilimwonyesha ukungu wa asubuhi juu ya mashamba ya chai, picha iliyonifanya nitake kulia. Akaitazama muda mrefu. "Ni nzuri," akasema. "Wapelekee watu wa kalenda."

Alipostaafu nilihamia kampuni ya matangazo huko Ngong Road. Meneja wa huko hakuuliza mtu anataka nini, kwa sababu alijua: anataka sabuni. Hapo ndipo nilipojifunza kompyuta, na kupaka rangi, yaani kubadilisha mwanga na rangi za picha baada ya kupigwa, mpaka nyasi kavu za mtaa wa Jamhuri zionekane kama zimenyeshewa jana. Sikuipenda kazi hiyo, lakini ilinisomeshea watoto. Nilikuwa nimeizoea kabisa wakati Mwelekezi, kijana mwongoza filamu, aliponitafuta.

Mwelekezi ndilo jina tulilomwita sote, na nadhani hata mama yake. Alikuwa amekodi nyumba ya zamani Loresho, yenye bustani kubwa, akaigeuza studio ya filamu za njozi: majini, malkia wa milimani, mito inayopanda badala ya kushuka. Sitasema uongo, macho alikuwa nayo. Alitundika kitambaa cha kijani bustanini, akawasha mashine ya moshi, na baadaye kwenye kompyuta ule ukijani ukawa nchi ambayo haijawahi kuwepo, nawe ukatamani kuhamia huko. Niliona picha zake za kwanza nikaomba kuziona tena. Kisha nikakumbuka yule mzee wa tai, nikazima sauti, nikasimamisha picha. Hakuna mtu mle ndani aliyetaka kitu chochote. Walisimama tu wakipendeza.

Katika filamu yetu kubwa, malkia mzee alikuwa amempa mlima mtoto wake ili mvua inyeshe. Aliyeigiza malkia ni Mama Nafula, mwanamke wa Bungoma aliyeishi Jamhuri na kuigiza jukwaani mjini tangu ujana wake. Tukinywa chai aliniambia, "Mama Ciru, mchezo wa jukwaani ukiisha umeisha. Wajukuu wangu wananijua kama kukhu, bibi yao wa chapati tu, hawajawahi kuniona kazini. Sasa hii ndio itabaki." Alisema bila kujisifu, akipuliza chai yake.

Malkia alivaa maski ya shanga ambayo Mwelekezi aliibuni mwenyewe. Siku ya kupiga sini kubwa, lile onyesho la malkia na mlima, stima ikapotea Loresho nzima. Mashine ya moshi kimya, taa kimya. Kamera ilikuwa na betri, kwa hivyo Mwelekezi akasema tujaribu pale verandani, kama mazoezi. Mama Nafula akaivua maski kwa sababu ya joto, akaanza kuuomba mlima umrudishie mtoto. Hakupaza sauti. Aliongea kama mtu anayeomba kwa jirani kitu alichompa mwenyewe. Fundi wa sauti alilia na vipokea sauti masikioni. Kwa sini hiyo hakuna ambaye angeniuliza huyo mama anataka nini.

Tulipofika mezani kukata, Mwelekezi akasema, "Mama Ciru, hii inatoka."

"Itoke iende wapi? Hii ndiyo filamu."

"Angalia mwanga. Kila mahali kuna bluu yangu, halafu hapa ghafla tuko kwa veranda ya Loresho. Inakaa kama mkutano wa chifu."

"Si uipake rangi?"

"Nimejaribu. Uso wake unakataa."

"Uso huo una mikunjo, kijana. Ameifanyia kazi miaka mingi."

Akatabasamu kwa uchovu. "Watu wataona mlima. Watahisi tu."

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Asubuhi iliyofuata nilikuta ameitoa mwenyewe. Rashi zake pia, yaani picha ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera, alikuwa amezifuta, maana diski zilihitajika kwa ukungu zaidi. Nikamuuliza kama anajua amefuta nini. "Ni veranda, Mama Ciru," akanijibu, na hakuwa na ubaya wowote moyoni. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Usiku wa uzinduzi mjini, Mama Nafula alikaa kando yangu na kitenge kipya, akisubiri. Alijiona mara kadhaa, akiwa na maski, au akiwa amegeuka mgongo, joho likipepea ukunguni. Watu walipiga makofi kwa ajili ya milima. Taa zilipowaka akaniuliza polepole, "Kwani nilifanya vibaya?"

"Uliwashinda wote."

"Basi ni nini?"

"Mwanga," nikasema, na nikaona aibu kulitamka neno hilo. Akaitikia kwa kichwa, akatafuta mkoba wake chini ya kiti.

Niliacha kazi baada ya hapo. Naishi Kinoo, kompyuta sina na siitaki. Siuchukii uzuri, msininukuu vibaya. Kuupata ni jasho, na yule kijana alitoa jasho. Lakini nimetumia maisha yangu kutazama watu kwenye meza ya kukatia, na bado nina hasira.

Mwezi uliopita tulimuaga Mama Nafula katika kanisa moja Jamhuri, kabla ya mwili wake kusafirishwa kuzikwa Bungoma. Binti yake aliomba filamu ionyeshwe kwenye skrini, kwa kuwa familia haikuwa na kingine kinachomwonyesha mama yao kazini. Milima ya bluu ikajaa ukuta wa kanisa. Joho likapita ukunguni. Mjukuu mdogo akauliza, "Kukhu ako wapi?"

"Yule pale," mama yake akamnong'oneza, akionyesha kwa kidole.

"Huyo si kukhu. Huyo hana uso."

Hakuna aliyemnyamazisha. Mwelekezi alikuwa viti viwili mbele yangu, na niliona mabega yake yakishuka.

Alinifuata nje, karibu na gari la maiti. Naye ameanza mvi. "Mama Ciru," akasema, "ile ya veranda. Hakuna mahali uliweka? Hata kwa simu? Hata kidogo tu?"

Nilimtazama. Macho yalikuwa mekundu, na jua la saa saba lilimwangukia usoni bila huruma. Tangu nimfahamu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwangalia mtu huyo na kujua anataka nini.

"Hakuna," nikamwambia.