Mpiga pasi na joto lililomtenga na mumewe

Chumba cha nyuma cha duka la dobi kimejaa mvuke, dirisha linatiririka maji. Mama Pasi anachomoa shati jeupe kwenye rundo, analinyunyizia maji kidogo, anaanza na ukosi. Baada ya ukosi ni mabega, kisha mikono, kisha kifua. Amefuata mpangilio huo kwa miaka ishirini na miwili, na ukimshauri aanzie mgongoni atakutazama kama umemwambia avae viatu kabla ya soksi.

Ghafla anasimama. Uso unamwiva kuanzia shingoni na jasho linachuruzika nyuma ya masikio. Anaisimamisha pasi, anarudi nyuma hatua mbili, anajipepea kwa kifuniko cha boksi. Wenzake kwenye meza ya pili hata hawageuki. Wameshazoea.

"Joto hili silo la pasi," anasema likishampitia, akijifuta kwa kitambaa. "La pasi nalijua, linatoka nje linakuja kwangu. Hili linaanzia ndani."

Ana miaka hamsini na moja. Siku zake zilianza kurukaruka akiwa na arobaini na saba, baadaye zikakatika kabisa. Joto likaja, usingizi ukaondoka, na mwili nao ukaanza kujaa. Kwa mizani ya zahanati aliongezeka kilo kumi na nne katika miaka mitatu, na hakuwa amebadili chakula.

Sare yake ya kazi imepanuliwa mara mbili. Mara ya pili fundi cherehani alimwambia kwamba safari nyingine alete kitambaa kipya, maana mshono wa zamani hauna tena cha kutoa.

"Nilicheka pale kwa fundi," anasema. "Nilipofika nyumbani nikalia."

Mumewe ni fundi saa, mtu mpole mwenye utani mkavu. Wamezeeka pamoja wakitaniana, yeye mwanamke akiushambulia upara, mwanamume akishambulia chochote kilichopo. Basi jioni moja, mbele ya mashemeji, fundi saa akasema amebahatika kuliko wanaume wote: alilipa mahari ya mke mmoja, sasa anao wawili.

Sebule nzima ikacheka. Mama Pasi naye akacheka, lakini meno tu.

"Hakuwa na nia mbaya. Huyo ndiye alivyo tangu ujana wetu. Ila siku ile neno hilo lilinichoma, nikaliweka rohoni. Kuanzia hapo nikawa navua nguo gizani kama mgeni."

Ikawa joto likimpanda kitandani, anasukuma blanketi, halafu anausukuma mkono wa mumewe. Sogea huko. Usiniguse. Maneno mafupi, bila maelezo. Mwanamume akasogea. Akasogea tena, hadi siku moja akahamia kwenye kochi la sebuleni.

Kwa nini hakumwambia? Anaikunja mikono ya shati na kuikunjua kabla ya kujibu.

"Ningeanzaje? Niseme nimezeeka? Niliona nikimweleza nitakuwa nimempa utani mwingine. Kumbe yule mtu alikuwa ameshaacha kutania zamani, na mimi sikuona."

Badala ya kusema, aliamua kupungua. Hapo ndipo aliposhika njia ambayo labda mtu wa dobi tu ndiye angeifikiria. Mwenzake wa mapokezi, wanayemwita Redio kwa sababu hazimwi, alimhakikishia kwamba mafuta hayatoki mwilini bila jasho. Mama Pasi akapiga hesabu zake: pasi inachoma, mwili wenyewe unachoma, kwa hiyo kazi iko nusu njiani. Akachukua ile mifuko ya plastiki ya kufunikia suti, akajifunga tumboni na mapajani, akavaa sare juu yake. Chakula cha mchana akakiacha.

"Joto likija nilikuwa nalifurahia," anasema. "Nilijua nayeyuka."

Wiki ya pili alianguka juu ya meza, pasi ikiwa mkononi. Suti ya mteja iliungua bega. Mkono wake wa kushoto una alama mpaka leo, na kuishia na alama hiyo tu anasema ni bahati.

Muuguzi aliyemvua ile mifuko zahanati alikuwa binti wa umri wa mwanawe. Hakumcheka. Alisubiri apate fahamu vizuri, kisha akamwambia, "Mama, hayo yaliyotoka ni maji. Mafuta yako yapo palepale, yanakuangalia."

Alimweleza kwamba hedhi inapokoma, mwili hujirekebisha kwa fujo zake: joto la ghafla, usingizi wa mang'amung'amu, kitambi kisichoomba ruhusa. Akamwambia pia kwamba mara nyingi wanawake wenye uzito mkubwa husumbuliwa zaidi na joto hilo, na wengine wakipungua taratibu hupata nafuu. Taratibu, alirudia. Kwa kula sawasawa na kutembea, si kwa njaa na plastiki. Likizidi, zipo dawa, aje waongee.

Mwisho akauliza kama nyumbani wanajua.

Nyumbani hapakuwa na wa kujua. Miezi miwili kabla ya siku hiyo, fundi saa alikuwa amebeba godoro dogo na kuhamia chumba cha nyuma ya duka lake. Watoto ni wakubwa, wana nyumba zao, hakuna aliyeamka kumzuia. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni mwa chumba cha kulala na kuuliza mara moja tu, "Mama watoto, nimekukosea nini?"

Alijibiwa, "Niache nilale."

"Laiti tungegombana," anasema mpiga pasi. "Kwenye ugomvi ningeropoka ukweli. Nilimjibu hivyo na usingizi wenyewe sikuwa nao."

Sasa anatembea kwenda kazini badala ya kupanda gari, anakula mchana, na amepungua kilo nne. Joto bado linamtembelea, ila si kwa fujo kama zamani. Redio amepigwa marufuku kutoa ushauri wa afya.

Mashati ya fundi saa huja hapahapa kila wiki. Madobi mtaani wako wengi, lakini yeye huyaleta kwa mke wake, akiyapokeza mbele kama mteja yeyote. Redio huyaleta nyuma kimyakimya na kuyaweka juu ya rundo. Mama Pasi hampi mtu mwingine ayapige pasi.

Wiki iliyopita aliisikia sauti ya mumewe kule mbele. Akaweka pasi, akajifuta mikono, akafika hadi kwenye pazia. Pale pale joto likampanda, uso wote ukawaka.

"Nikasema nikitoka hivi atadhani nimekasirika. Nikasubiri lipite. Lilipopita, alikuwa ameshaondoka."

Alipoulizwa kama angependa jina lake liandikwe gazetini, alikataa. Alisema mumewe husoma gazeti lote, hadi matangazo ya vitu vilivyopotea, na habari ya mke wa fundi saa anayepiga pasi hatahitaji kuelezwa ni ya nani. Kisha akaomba jambo moja liandikwe kama alivyolisema, lisipambwe.

"Andika kwamba hakunikosea kitu. Andika na kwamba siku aliponiuliza nilijua hivyo."