Kahawa Niliyoionja Mbele ya Wakwe

Ninyi vijana mtakaosoma haya, anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana mambo haya yananiaibisha na sitayasimulia mara ya pili. Mimi ndiye yule bibi wa Muleba ambaye wajukuu wakimwona njiani wanapunguza sauti ya simu zao, mimi ndiye nisiyenunua kuku sokoni kabla sijampuliza manyoya nikaona ngozi yake, na mimi huyo huyo nikadanganyika na kipaza sauti. Kipaza sauti! Hata uso wa aliyesema sikuuona.

Meno yangu si yangu, yote, ya juu na ya chini. Hilo alilijua daktari aliyenitengenezea na mjukuu wangu Koku ninayeishi naye (marehemu babu yake naye alijua, lakini amekwenda nalo). Yalikaa vizuri muda mrefu, halafu yakaanza kulegea, ikawa nikitaka kumkaripia mtu lazima kwanza nishike kidevu kama ninayewaza. Basi gari la matangazo likapita sokoni likinadi dawa ya kubandikia meno ya bandia, ya kwamba ukiipaka unakula chochote, unashinda nayo kutwa, na kwamba imepimwa, imehakikiwa, imethibitishwa. Maneno hayo matatu yaliniingia kama sala ya jioni. Nikamtuma Koku akainunue Bukoba mjini, mbali na macho ya majirani.

Siku zenyewe zilikuwa za Koku kuletewa wageni. Kijana wa Kahororo, jina lake Mutalemwa, alikuwa anakuja na mshenga na wazee wake kumposa, na wazee hao hawakuwa na hamu na sisi, walikuwa wamekwisha kumchagulia kijana wao binti mwingine kule Nyanga.

"Bibi, wanatafuta kisingizio tu," Koku aliniambia, macho mekundu. "Wakikipata wanageuza gari."

Nikamwambia kisingizio hakitatoka kwangu. Akaniomba jambo dogo, ndilo ninalolijutia hadi leo. "Basi ijaribu hiyo dawa leo, ule nayo, tuone inavyofanya."

"Nijaribu nini?" nikamwuliza. "Watu wazima wamekaa huko na mashine zao wakapima, mimi niliyeishia darasa la nne ndiye nipime tena? Wanaweza kusimama mchana kweupe wakatangazia soko zima uongo?"

Akaiacha dawa mezani, akarudi jikoni. Nami asubuhi ya wageni nikaipaka kama anayekandika udongo ukutani, juu na chini, na kwa kuwa siku ilikuwa kubwa nikaongeza.

Wakaja. Sebuleni tulikuwa tumetandika majani mabichi, tukasalimiana vizuri, na mimi nikawa naongea kidogo kidogo kwa heshima (ukweli ni kwamba ulimi ulishaanza kunata). Mshenga alikuwa Ta Byarugaba (Ta kwetu ni kama Bwana), mzee wa kofia, na pembeni yake alikaa shangazi wa kijana, mwanamke mwenye macho ya kutafuta utando wa buibui kwenye dari. Koku akapiga magoti na kikapu cha akamwani, ile kahawa yetu iliyochemshwa na kukaushwa ambayo tunaitafuna. Sasa, kwetu mgeni hali kitu kabla mwenye nyumba hajakionja mbele yake. Ndivyo anavyojua kwamba hakuna sumu. Nikachukua punje, na wageni nao wakachukua zao wakaziweka viganjani, wakinitazama mdomo.

Nikauma. Punje ikapasuka vizuri, nikataka kufungua mdomo niume tena, haufunguki. Ile dawa ya juu ilikuwa imevuja ikakutana na ya chini, kahawa ikiwa katikati, vikawa ulimbo. Nikavuta taya, wapi. Machozi yakaanza kunitoka.

"Mama," akasema Ta Byarugaba, "kahawa ni njema?"

"Mmm."

"Ni njema, waitu?" akarudia kwa heshima yetu ya Kihaya.

"Mmm! Mmm!" Hapo nikawa natikisa kichwa huku na huku ili yale meno yaachiane, na nyote mnajua mtu anayetikisa kichwa hivyo anasema nini.

"Bojo!" akamaka shangazi. "Ameonja cha kwake mwenyewe, na anakikataa!" Akairudisha kahawa yake kikapuni. Na mwingine akarudisha. Nimezeeka, na sijawahi kuona mgeni akirudisha kahawa kikapuni. Mutalemwa alisimama katikati ya sebule hajui aende kwa nani, na Koku, bado amepiga magoti, alikuwa akinitazama tu, machozi yakidondokea ile kahawa iliyorudishwa.

Ta Byarugaba akavaa kofia. Nikaona kabisa: ama uso wangu ubaki, ama mtoto huyu aolewe. Nikainuka, nikaingiza mikono yote miwili mdomoni, nikavuta kama ninayeng'oa kisiki cha mgomba. Yakatoka yote kwa pamoja, ya juu yameng'ang'ania ya chini, na kahawa imebanwa katikati. Nikayaweka mezani. Yakakaa pale yakiwakenulia wageni.

"Kahawa njima!" nikapiga kelele, midomo ikipepea. "Meno! Ni hayo meno!"

Ta Byarugaba akainama, akayazunguka kama anayekagua ndama wa mnadani.

"Mama," akasema, "naona aliyeonja ni mzima. Yaliyofariki ni meno." Akatia mkono kikapuni, akachukua kahawa, akatafuna, na sebule nzima ikaanguka kwa kicheko, Koku akicheka na kulia pamoja. Shangazi ndiye hakucheka. Alinisogelea sikioni akaninong'oneza, "Ni ile dawa ya gari la matangazo? Ninayo kwenye mkoba, sijaifungua." (Nilimwahidi sitamwambia mtu.)

Posa ikapokelewa. Kesho yake nikamwambia Koku apige simu kwa kampuni hiyo, akapokea binti mmoja mwenye sauti tamu, nami nikaichukua simu nikamweleza yaliyonipata.

"Dawa yetu imepimwa, mama."

"Nani aliipima, na alitafuna nini?"

"Ilipimwa kwa vyakula laini, mama."

"Gari lenu lilisema chochote."

"Hilo ni tangazo, mama, siyo kipimo."

Sisemi kwamba walidanganya. Huenda walipima kweli, kwa uji. Ila sisi huku anayesema chakula ni salama anakula mbele yako, na mimi nilimwamini mtu asiyeweka kitu mdomoni.

Kwa hiyo nikatoa amri nyumbani kwangu: kitu chochote cha dukani kinachojisifu kwamba kimepimwa, aliyekileta atakitumia yeye kwanza, sisi tukimtazama, siku isiyo na mgeni. Mutalemwa alikuwa amekaa mlangoni siku hiyo na zawadi yake, sabuni mpya ya kuogea yenye maandishi mengi.

"Hata mimi mkwe, Bibi?"

"Hata wewe. Beseni lile pale. Vua shati."