Omuramba wa Idi

Nilipoolewa na mfanyabiashara mwenye asili ya pwani hapa Bweranyange, nilijifunza kusali na kufunga bila taabu kubwa. Kilichonitia hofu ni omuramba, maji matamu tunayokamua kutoka kwenye ndizi mbivu. Yakikamuliwa leo, hata mtoto hupewa. Yakikaa kibuyuni siku mbili huwa pombe, hata usipotia mtama.

Mwaka huo mama mkwe alikuja kula Idi kwetu kwa mara ya kwanza. Asali ilikuwa ghali, basi mume wangu akaniambia nitafute kitu kingine kitamu cha kushushia chakula. Mama mkwe naye alikwisha kusema kwamba akisikia harufu ya pombe katika nyumba hii, hatakula tena chakula cha mkono wangu.

Siku ya ishirini na tisa ya mfungo nilikwenda kwa wauzaji wawili. Wa kwanza alitaka nimlipe chumvi nyingi mno kwa kibuyu kimoja. Wa pili, bibi aliyekuwa rafiki wa mama yangu, alitaka nusu yake. Lakini nilikuwa nimefunga, siwezi kuonja. Ukifikwa na hali hiyo usihangaike, ulimi si kila kitu. Nusa kwanza. Kisha chovya kidole, ukisugue na kidole gumba. Omuramba mzuri hunata. Mwisho weka sikio kwenye mdomo wa kibuyu, na kinachonong'ona ukiache. Cha bibi kilinata na kilikuwa kimya. Wala usione haya kumwomba muuzaji akuonjee. Bibi alinionjea huku akicheka.

"Hata kulamba kidole mmekatazwa? Mungu wenu mkali, binti yangu."

Kosa langu lilikuwa kununua kabla mwezi haujaandama. Jioni ile mawingu yalifunika vilima vyote, mwezi haukuonekana, tukafunga siku ya thelathini. Adhuhuri nikaweka sikio kibuyuni. Kilikuwa kinanong'ona, kimeanza kuchacha.

Mume wangu alisema niongeze maji, mama ni mzee, hatatambua. Nililikataa shauri hilo. Nilikimwaga migombani, na baada ya kufuturu nikamfuata mama mkwe alipokuwa akikunja mswala.

"Mama, kinywaji nilichokuandalia kimegeuka pombe. Nimekimwaga."

Alimaliza kuukunja mswala.

"Ulikuwa umekiweka wapi?"

"Jikoni, mama."

"Na maji ya kunywa?"

"Jikoni pia."

Siku ya Idi alikula ndizi na nyama, akasema nyama imeiva vizuri. Maji yake, hata hivyo, aliagiza kwa jirani, yaje na chombo cha jirani. Alikaa nasi siku sita. Kila asubuhi nilikwenda kuyachota mwenyewe kwa yule jirani, nikammiminia, naye akapokea kwa mikono miwili bila kunitazama.